Vepu, sigara na vijana: maswali tunayoulizwa shuleni na majumbani

Nimefanya kazi ya udadisi kwenye tafiti za tumbaku kwa vijana, kazi ya kubeba madodoso, kuingia madarasani na kukaa na wazazi kabla ya kuomba ridhaa yao. Maswali ninayoulizwa hayabadiliki sana kutoka shule moja hadi nyingine. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoweza kuyasimamia.

Vepu ni kitu gani hasa?

Ni kifaa cha betri chenye koili ndogo inayopata moto na kugeuza kimiminika kuwa ukungu unaovutwa kwa mdomo. Ndani ya kimiminika hicho mna propilini glikoli, gliserini, vionjo na mara nyingi nikotini. Aina inayotumika leo ilitokana na ubunifu wa Hon Lik, mfamasia wa China, mwaka 2003, na ndani ya miaka michache ikawa imefika Ulaya na Marekani. Kwenye maandishi rasmi huitwa sigara ya kielektroniki. Kuna zenye umbo la kalamu na kuna zinazofanana kabisa na flashi ya kompyuta, kwa hiyo mwalimu anaweza kuishika mkononi wakati wa ukaguzi na kuirudisha kwa mwenyewe bila kujua ni nini.

Mwanangu anasema ule ni mvuke wa maji tu. Ni kweli?

Si kweli, ingawa mara nyingi mtoto hasemi uongo. Anarudia alichoambiwa na aliyemuuzia. Ukungu ule ni matone madogo mno ya kile kimiminika. Koili ikipata moto mkali, propilini glikoli na gliserini huvunjika na kuzaa kemikali kama formaldehaidi na akrolini. Wapimaji wa maabara wamekuta pia chembe za metali, zikiwemo nikeli na risasi, zinazotoka kwenye koili yenyewe.

Kwa sehemu kubwa viwango hivyo ni vidogo kuliko vya moshi wa sigara, na anayekuficha hilo hakutendei haki. Lakini mtoto wa miaka 14 ambaye hajawahi kuvuta sigara hatoki kwenye moshi. Anatoka kwenye hewa ya kawaida, na ulinganifu unaomhusu ni huo.

Halafu kuna nikotini yenyewe. Katriji (vichupa vidogo vya kimiminika) za Juul, chapa ya vepu ya Marekani, zilizouzwa huko zilifika miligramu 59 za nikotini kwa mililita moja. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 20. Nikotini ya namna ile huchanganywa na asidi ya benzoiki ili iwe chumvi, na chumvi hiyo haikwaruzi koo. Wengi tunakumbuka jinsi sigara ya kwanza ilivyotukohoza mpaka machozi yakatoka. Kikohozi kile kiliwafukuza vijana wengi, kizazi baada ya kizazi. Vepu yenye ladha ya embe haimkohozi mtu hivyo.

Watafiti wanajuaje nani anatumia na nani hatumii?

Wanauliza, na namna ya kuuliza ndiyo kazi yenyewe.

Utafiti mkubwa zaidi wa aina hii duniani ni ule wa tumbaku kwa vijana ulioanzishwa mwaka 1999 na Shirika la Afya Duniani na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani na kuendeshwa na nchi mbalimbali. Unawalenga wanafunzi wa miaka 13 hadi 15. Shule huchaguliwa kwa bahati nasibu, kisha madarasa, na darasa zima hujaza dodoso lisilo na jina.

Neno la kulitazama kwa makini ni "mtumiaji wa sasa". Kwenye tafiti nyingi maana yake ni mtu aliyetumia japo siku moja katika siku 30 zilizopita. Kijana aliyepuliza mara mbili kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake amo, na yule anayevuta chini ya shuka kila usiku amo pia. Ukisoma kichwa cha habari chenye asilimia kubwa, tafuta asilimia ya pili: wangapi wanatumia kila siku? Hao ndio walioanza kunaswa.

Kuna kosa jingine ambalo takwimu haziwezi kulionyesha, nami nililiona kwa macho. Darasa moja la kidato cha pili lilifika kwenye ukurasa wa sigara za kielektroniki, wanafunzi wakaweka alama ya "sijawahi" na kusonga mbele. Kisha mkono ukainuka nyuma: "Samahani, vepu nayo inahesabika hapa?" Nikasema ndiyo. Nilisikia vifutio vikisugua karatasi darasa zima. Kama msichana yule angenyamaza, tungeondoka na jibu safi na la uongo, na lisingekuwa kosa la yeyote kati yao. Dodoso lilitumia jina ambalo hawalijui. Tangu siku hiyo siamini asilimia yoyote kabla sijaliona swali lililoizaa, na ninasisitiza kwamba dodoso lijaribiwe kwanza na vijana wa mtaa uleule litakakotumika: wanaita vepu, wanaita shisha ya kalamu, au wana jina ambalo sisi watu wazima bado hatujalisikia?

Je, hawadanganyi?

Baadhi hudanganya, hasa mwalimu wa nidhamu akiwa dirishani. Ndiyo sababu tunamwomba atoke. Pia kuna njia ya kuhakiki. Mwili hugeuza nikotini kuwa kotinini, inayobaki siku kadhaa na kupimika kwenye mate au mkojo. Kotinini haitofautishi vepu na sigara. Hapo hutumika kipimo cha hewa ya pumzi: sigara inaungua na kuacha gesi ya kaboni monoksaidi, vepu haiunguzi kitu. Vipimo hivi ni ghali, kwa hiyo tafiti nyingi za shuleni kwetu hutegemea kalamu na uaminifu.

Mbona mifano mingi inatoka Marekani?

Kwa sababu Marekani ilipima kila mwaka, ikaona jambo likipanda na kushuka. Mwaka 2011 wanafunzi wa sekondari za juu waliotumia vepu ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 1.5. Mwaka 2017 walikuwa 11.7, mwaka uliofuata 20.8, na mwaka 2019 wakafika 27.5, zaidi ya mmoja kati ya kila wanne. Juul ilikuwa imeingia sokoni 2015. Desemba 2018 kampuni ya sigara ya Altria ilinunua asilimia 35 ya Juul kwa dola bilioni 12.8, na mwezi huohuo Daktari Mkuu wa serikali ya Marekani akatangaza kwamba kuvepu kwa vijana kumekuwa janga.

Baadaye idadi ilishuka, na mwaka 2024 ilikuwa asilimia 7.8. Umri wa kununua ulipandishwa hadi miaka 21 mwishoni mwa 2019, shule zilifungwa wakati wa korona, na katriji zenye ladha zikabanwa mapema 2020. Vepu za kutumia na kutupa hazikuguswa na katazo hilo la ladha, na vijana wakahamia huko. Miongoni mwa wanafunzi waliokuwa bado wanatumia mwaka 2024, karibu tisa kati ya kumi walitumia zenye ladha, na zaidi kidogo ya robo walitumia kila siku. Kundi limepungua, lakini waliobaki ndani yake wamezama.

Na kwetu Afrika Mashariki?

Kenya ilifanya utafiti wa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 mwaka 2013. Asilimia 9.9 walikuwa watumiaji wa sasa wa tumbaku ya aina yoyote: wavulana 12.8, wasichana 6.7. Mwaka uliofuata Kenya ikapima watu wazima, na wanaume walikuwa asilimia 19.1, wanawake 4.5. Tanzania ilipima watu wazima mwaka 2018 na kupata asilimia 8.7 kwa jumla.

Ziweke takwimu za Kenya kando kwa kando. Kwa watu wazima, wanaume ni zaidi ya mara nne ya wanawake. Kwa wanafunzi, wavulana hawafiki hata mara mbili ya wasichana. Tafiti hizi mbili hazikupimwa kwa namna moja, kwa hiyo tusizibebeshe mzigo usio wao, lakini pengo lile limenisumbua kwa miaka. Mama anayesema "mimi nina mabinti, hilo halinihusu" huenda anatumia ramani ya zamani.

Zingatia pia mwaka. Mwaka 2013 ni kabla ya Juul na kabla ya vepu za rangirangi kujaa madukani. Watoto waliojaza dodoso lile sasa ni watu wazima, na baadhi yao ni wazazi.

Kuvepu kunampeleka kijana kwenye sigara?

Hili ndilo swali lililobishaniwa kuliko yote, nami nitakaa nalo.

Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Adam Leventhal walichapisha matokeo ya wanafunzi wa Los Angeles wa umri wa miaka 14 hivi ambao hawakuwa wamewahi kuvuta tumbaku ya kuwasha. Waliwafuatilia kwa mwaka mmoja. Waliokuwa wameonja vepu mwanzoni walielekea zaidi kuanza sigara, sigara nene au shisha. Mwaka 2017 Samir Soneji na wenzake walijumlisha tafiti tisa za aina hiyo: kati ya vijana waliowahi kuvepu, karibu asilimia 30 walikuja kuonja sigara, kati ya wasiowahi, karibu asilimia 8.

Sasa pingamizi, na ni pingamizi zito. Kijana anayethubutu kuvepu huenda ndiye yuleyule ambaye angethubutu sigara hata kama vepu isingekuwepo duniani. Huenda baba yake anavuta, marafiki zake wanavuta, au ana msongo wa mawazo. Watafiti hujaribu kuyaondoa haya kwa hesabu, na tofauti hubaki, ingawa hupungua. Pingamizi la pili ni kwamba Marekani, wakati vepu ikipanda, sigara kwa wanafunzi ziliendelea kushuka, na baadaye zikafika chini ya asilimia 2. Kama vepu ingekuwa mlango mpana wa sigara, tungetarajia kuona sigara zikipanda.

Mimi nayasoma hivi. Kwa kijana mmojammoja, vepu ni dalili ya hatari na pengine ni sehemu ya sababu. Kwa nchi nzima, inategemea nini kipo dukani. Marekani sigara ni ghali na kuinunua ni shida. Kwetu fegi moja inauzwa rejareja kandokando ya pipi na bazoka, na haimsumbui mtu kama aliyetumwa ana sare ya shule. Kijana wa hapa aliyezoeshwa nikotini na vepu, ikimwishia chaji au pesa, ana sigara ya bei ya pipi hatua kumi kutoka kwao. Ndiyo maana siwezi kuichukua faraja ya takwimu za Marekani na kuileta Mwanza au Mombasa kama ilivyo.

Nikotini inafanya nini kwenye ubongo wa kijana?

Inafika ubongoni ndani ya sekunde chache baada ya kuvutwa, inashika vipokezi na kusababisha dopamini imwagike, ile kemikali inayomwambia mtu "hili lirudie". Ubongo huendelea kujengeka hadi miaka 25 hivi, na sehemu ya mbele, inayohusika na kujizuia na kupima mambo, hukomaa mwisho. Majaribio kwa panya wachanga yanaonyesha nikotini ikibadilisha umakini na kumbukumbu zao hata ukubwani. Kwa binadamu hatuwezi kumpa mtoto nikotini makusudi tukamtazama, kwa hiyo ushahidi hapo ni wa kuunganisha vipande.

Jambo lenye ushahidi wa moja kwa moja ni kasi ya kunasa. Joseph DiFranza na wenzake waliwafuatilia watoto wa miaka 12 na 13 huko Massachusetts na kuripoti mwaka 2000 kwamba baadhi walionyesha dalili za utegemezi ndani ya wiki chache, kabla hata hawajafikia kuvuta kila siku. Waswahili wa pwani wana neno la hali hiyo: arosto. Kijana anakosa utulivu, anafoka, hasomi, hajui kinachomsumbua. Wazazi wengi huita tabia hiyo utundu wa umri, wakaishia kuchapa.

Vipi ile habari ya vijana waliokufa kwa mapafu?

Ilitokea Marekani mwaka 2019. Hadi Februari 2020 wagonjwa zaidi ya 2,800 walikuwa wamelazwa au kufariki, vifo vikiwa 68. Uchunguzi ulionyesha kisababishi kikubwa kilikuwa vitamini E asetati, mafuta yaliyochanganywa kwenye vepu za bangi, nyingi zikiwa za magendo. Kwa hiyo si sahihi kuwaambia wanafunzi kwamba kila vepu itawaua namna ile. Wakigundua umetia chumvi, hawatakusikiliza hata kwenye yaliyo kweli.

Uingereza madaktari wanashauri vepu. Tumwamini nani, wao au wanaotuonya?

Wote wawili, kwa sababu wanajibu maswali tofauti. Wakala wa afya ya umma wa Uingereza ulikadiria mwaka 2015 kwamba vepu ina madhara pungufu kwa asilimia 95 kuliko sigara, kadirio lililopingwa na wengi. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za tiba, yamekuta ushahidi thabiti kwamba vepu zenye nikotini huwasaidia watu wazima kuacha sigara kuliko plasta na bazoka za nikotini. Mjomba wako wa miaka 50 anayemaliza pakiti kwa siku anaweza kunufaika. Uingereza hiyohiyo, kuanzia 1 Juni 2025, imepiga marufuku vepu za kutumia na kutupa, na kuwalinda watoto ni mojawapo ya sababu ilizotoa.

Shisha na vile vipakiti vya kuweka chini ya mdomo?

Shisha wengi huiona ya baraza na mazungumzo, na maji yale huwapa imani kwamba moshi umeoshwa. Haukuoshwa. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kikao kimoja kinaweza kumpa mvutaji moshi sawa na wa sigara 100 au zaidi, na makaa huongeza kaboni monoksaidi.

Vipakiti vya nikotini havina moshi wala harufu, ndiyo maana ni vigumu kuvigundua darasani. Kampuni ya sigara ya BAT ilivileta Kenya mwaka 2019 kwa jina la Lyft. Oktoba 2020 Waziri wa Afya wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema usajili wake kupitia Bodi ya Famasia na Sumu haukufuata sheria. Kwenye madodoso mengi ya zamani swali lake halimo kabisa.

Watoto wa mashamba ya tumbaku wanahusikaje?

Nafurahi mtu akiuliza hili, maana ni wachache. Kuna kijana anayeingiza nikotini mwilini bila kuvuta kitu. Majani mabichi ya tumbaku, hasa yenye umande au mvua, huachia nikotini inayopenya ngozi. Mchumaji hupata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kichwa kuuma, na mtoto mwenye mwili mdogo huumia zaidi. Kitabibu ni sumu ya nikotini. Huko Urambo na kwingineko Tabora, kama ilivyo Migori upande wa Kenya, familia nzima huingia shambani msimu wa kuchuma, kisha kuna kazi ya kupanga majani mabanini na kulinda moto usiku. Mtoto akitapika jioni, watu husema malaria. Mtafiti anayewauliza wanafunzi wa huko "je, unatumia tumbaku?" ataandika "hapana" na kuondoka, na mate ya mtoto yana kotinini.

Nitajuaje utafiti haukulipiwa na kampuni?

Soma mstari wa ufadhili, kwa kawaida uko mwishoni. Mwaka 2021 Juul ililipa dola 51,000 na toleo zima la jarida moja la tabia za afya la Marekani likatoka likiwa na tafiti zake tupu. Mwaka 2017 kampuni ya sigara ya Philip Morris iliahidi karibu dola milioni 80 kila mwaka kwa taasisi ya kutafiti "dunia isiyo na moshi", na Shirika la Afya Duniani likazitaka serikali zisishirikiane nayo. Fedha haithibitishi uongo. Lakini kampuni za sigara zilitumia miongo kadhaa, tangu miaka ya 1950, kulipia tafiti za kuwatia watu shaka huku zikijua ukweli, na mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa Marekani aliamua kwamba ziliudanganya umma.

Sheria zetu zinasemaje?

Uganda imekwenda mbali zaidi: sheria yake ya 2015 inakataza vepu na shisha, na umri wa kununua tumbaku ni miaka 21. Kenya ina sheria ya 2007 inayokataza kuwauzia walio chini ya miaka 18 na kuuza pakiti yenye sigara pungufu ya kumi. Tanzania ina sheria ya 2003. Zote mbili zilitungwa kabla vepu haijafika mitaani kwetu. Shisha ilipigwa marufuku Tanzania 2016 na Kenya 2017. Tembea usiku uone.

Mwanangu ameshazoea. Nifanye nini?

Usianze na fimbo. Muulize lini anaitamani zaidi: akiamka, baada ya kula, akiwa na nani. Anayeitafuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka amenaswa zaidi kuliko anayevuta Jumamosi tu. Siku chache za mwanzo za kuacha ndizo ngumu, atakuwa mkali na usingizi utaruka, na akijua mapema kwamba hali hiyo hupita hataogopa.

Kuna tafiti zinazotia moyo. Marekani, ujumbe mfupi wa simu ulitumwa kwa vijana wa miaka 13 hadi 17 waliotaka kuacha. Baada ya miezi saba asilimia 37.8 walikuwa hawavepu, dhidi ya 28 ya wasiopata huduma hiyo. Mwaka 2025 utafiti mwingine wa vijana wa miaka 16 hadi 25 ulionyesha dawa ya vareniklini pamoja na ushauri ikiwasaidia karibu nusu ya walioipata kuacha kufikia mwisho wa matibabu, dhidi ya asilimia 14 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Dawa ni ya kuandikiwa na daktari, usiende kuitafuta mwenyewe. Ule ujumbe wa simu, mjomba, shangazi au mwalimu anayeaminika anaweza kuanza nao leo.

Akijibu "ndiyo" kwenye dodoso, mwalimu mkuu ataambiwa?

Hapana. Dodoso halina jina wala namba ya mtihani. Karatasi huingia kwenye bahasha na bahasha hufungwa mbele ya darasa, mwalimu akiwa nje. Wewe mzazi unaweza kukataa mwanao asishiriki, naye anaweza kukataa hata kama wewe umesaini, na wote wawili hamdaiwi maelezo. Ninachowaomba wazazi ni kitu kimoja: jioni akirudi, msimwulize aliandika nini.